Kiwanda kina leseni ya NEMA, sasa sisi tulalamike wapi?

SWALI: Asalaam aleikum. Nyuma ya mtaa wetu hapa Pwani kuna kiwanda kinayeyusha betri za gari zilizokufa, ikifika usiku moshi unashuka mpaka macho yanawasha, tumemwendea chifu anasema wana leseni ya NEMA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, basi hakuna shida. Kitinda mimba wangu analia tumbo kila mara. Tufanyeje jamani?
Mama Watatu, Kilifi

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kwanza mtoto. Mpeleke hospitali na umwambie daktari waziwazi mnaishi jirani na kiwanda cha betri, unataka damu ipimwe sumu ya risasi (yaani lead, ile metali ya ndani ya betri), maana usipotaja atapewa dawa ya minyoo mrudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama, na watoto ndio inawaumiza zaidi, inagusa ubongo.

Hiyo leseni isiwanyamazishe. Mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa kiwanda kama hicho kilianza 2007 mpaka kikafungwa 2014, vumbi la risasi likaingia kwenye udongo na miilini mwa watu, na korti ya mazingira Julai 2020 ikaamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, NEMA yenyewe ikabebeshwa asilimia 40 kwa kuzembea kazi yake! Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile fidia, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024, yaani miaka 10 kiwanda kimeshafungwa. Mimi inaniuma sana hiyo miaka, ndio maana nasema msingoje.

Andikeni barua ofisi ya NEMA ya kaunti, wengi mtie sahihi, mbaki na kopi iliyogongwa muhuri. Ombeni ripoti ya tathmini ya mazingira na ya ukaguzi wa kila mwaka, halafu muulize ile asidi na masazo ya tanuri yanamwagwa wapi na lori linaloyabeba lina leseni ya taka hatari? Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupewa habari hizo, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba umeshadhurika.

Kwa sasa maji ya mvua ya bati msinywe, sakafu pigeni deki badala ya kufagia, watoto wanawe mikono kabla ya kula, na anayefanya kazi mle ndani nguo zake zifuliwe mbali na za watoto.