Nimeibiwa pesa za majirani safarini, je, nazilipa?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Nauza vitenge hapa Ujiji. Safari hii nikienda Bujumbura, majirani watatu walinipa pesa niwanunulie mzigo. Nilizifunga pamoja na zangu. Kule aliyenibadilishia alinipa nusu ya faranga, nusu akasema nifuate kesho. Sokoni mkoba ukachanwa kwa wembe, faranga nilizopewa zikaenda zote. Wenzangu wanasema ni kadari, sina deni. Kweli?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Pole sana, Allah akupe badala iliyo bora. Lakini siwezi kukupa jibu la wenzako.

Asili ni kwamba aliyeaminiwa halipi, maadamu hakuzembea wala hakuvuka mpaka wa idhini. Wizi ni kadari, naam, ila kuchanganya ni kitendo chako. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye amana akiichanganya na mali yake bila ruhusa hata isijulikane ipi ya nani, dhamana imemwangukia; ikipotea, analipa. Na noti hazina alama.

Kwa hiyo jiulize: majirani walijua utazifunga pamoja, wakaridhia? Kama ndiyo, na mkoba uliulinda inavyopasa, huna deni. Kama hapana, walipe, hata kidogo kidogo. Wakikusamehe ni hiari yao, lakini usiwaombe msamaha mbele ya watu. Kuona haya humfanya mtu aseme "nimesamehe" na moyo wake bado unadai, na hilo linanitia hofu zaidi kuliko deni lenyewe.

Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, alimwacha Ali nyuma arudishe amana za watu, wakiwemo waliomfanyia uadui. Ali angerudishaje kama hakijulikani kipi cha nani? Safari ijayo kila fungu na bahasha yake, jina na kiasi juu.

Kuhusu faranga: bei ni makubaliano yenu, lakini sarafu mbili hubadilishwa papo hapo, mkono kwa mkono. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, kikao cha Amman mwaka 1986, lilizipa noti hukumu ile ile ya madini ya dhahabu na fedha. Nusu uliyopokea imesihi, yaani ni sahihi kisheria. Nusu ya "kesho" haikusihi. Usifuate faranga, dai shilingi zako za nusu ile, na kama utabadilisha, iwe upya kwa bei ya siku hiyo. Na ikiwa dhamana imekuangukia, shilingi hizo uanze kuwalipia majirani kabla hujanunua kitenge hata kimoja.