Chombo cha watu wawili ni chombo cha mtu mmoja

Mwaka wetu wa kwanza baharini tulitoka Tanga wakati wa magharibi kwenda Mkoani, Pemba. Ni safari ya kama maili 37 za bahari, na chombo chetu cha futi 32 kikipata upepo huimaliza kwa saa saba au nane. Ilikuwa Januari, kaskazi, yaani upepo wa kaskazini, imetulia, usiku hauna mwezi. Mume wangu akashuka chini kulala saa tatu. Ilipofika saa sita nikaona taa mbele, mtaa mzima wa taa unaelea juu ya maji. Walikuwa wavuvi wa dagaa, nami nilikuwa naelekea katikati ya nyavu zao.

Usukani niliujua, ila kutua tanga peke yangu sikujua. Nikapiga ukelele, mume wangu akatoka kikoi kiko mkononi badala ya kiunoni, tukageuza chombo huku wavuvi wakitupigia miluzi na kutumulika. Hatukukata nyavu ya mtu, lakini asubuhi yake tulipotia nanga Mkoani hatukusemeshana mpaka adhuhuri.

Sasa ni mwaka wa saba tunaishi ndani ya chombo hicho, tukipanda na kushuka kati ya Kilifi na Kilwa. Mume wangu anatengeneza injini za boti kila tunapotia nanga, nami naandika hesabu za nyumba mbili za wageni kwa simu. Wanandoa wengi hutuuliza waanzie wapi. Wengi huuliza habari za chombo: futi ngapi, faiba au mbao, injini gani. Mimi huwajibu kwa habari ya usiku ule. Kwenye safari ndefu mmoja analala na mwingine yuko juu, kwa hiyo chombo cha watu wawili, muda mwingi, ni chombo cha mtu mmoja. Mkilikubali hilo mapema, mengi mtayapanga vingine.

Kwanza, kila mmoja lazima aweze peke yake: kutweka tanga na kulitua, kulipunguza upepo unapozidi, kuwasha injini na kutoa hewa kwenye bomba la dizeli, kutia nanga na kuing'oa, na kugeuza chombo kumrudia mtu aliyeanguka majini. Sisi tulijifunza kwa mchezo tuliouita siku ya mgonjwa. Mara moja kwa wiki mmoja wetu analala kwenye benchi na haruhusiwi kusema wala kugusa kitu, isipokuwa kuna hatari ya kweli. Zamu yake ya kwanza ya ugonjwa, mume wangu aliagiza chai ya tangawizi mara tatu. Zamu yangu ilipofika nililia kwa hasira, kwa sababu alikuwa anakunja tanga vibaya na mimi nimefungwa mdomo. Lakini baada ya miezi miwili nilikuwa nalala usingizi wa kweli wakati wa zamu yake, naye vilevile. Kwenye chombo, usingizi ni kifaa kama dira.

Anayebaki peke yake juu usiku hujifunga kamba iliyoshikizwa kwenye chombo, hata bahari iwe kama kioo. Hili halina mjadala kwetu. Ukianguka mwenzio amelala, atagundua saa ya kubadilishana zamu, na hapo chombo kimeshakwenda maili kumi.

Tuje kwenye maji kujaa na kupwa, maana hapa ndipo wageni wengi huaibika, na sisi tuliaibika zaidi ya wengi. Pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Zanzibar au Mombasa hupanda na kushuka karibu mita nne. Wakati wa maji mafu ni kama mita moja na kidogo tu. Tena hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti hiyo mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ndiyo maana unakunywa kahawa ukiona maji yametulia, ukiosha kikombe unakuta yanakimbia.

Sisi tuliingia ghuba moja ya Pemba maji yakiwa yamejaa, siku ya bamvua. Kipimo kinasema mita tano, chini mchanga mweupe. Tukatia nanga, tukala, tukalala mchana. Nikaamka nimeviringika mpaka ukutani. Chombo kimelala ubavu, na pembeni kuna bibi mmoja amesimama, maji yanamfika kiunoni, kashika gunia.

"Shikamoo bibi," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba mwanangu. Mmelala shambani kwangu."

Nikatazama. Vijiti vimechomekwa safu kwa safu, kamba zimefungwa mwani, na mnyororo wetu umepita katikati umekokota kamba sita. Tulikaa na bibi yule na mabinti zake mpaka maji yaliporudi, tukifunga mwani upya kwenye kamba mpya tulizonunua kwake, na tukamlipa uliopotea. Kwa hiyo: Pemba na Unguja mchanga mweupe usio na kina usiuone ni kitanda chako. Uliza kwanza. Kama hakuna wa kumuuliza, ngoja maji yapwe uone kuna nini chini.

Hesabu ya nanga ni hii. Sisi chombo chetu, sehemu iliyo ndani ya maji ni mita moja na nusu. Tukitaka kubaki na mita tatu maji yakipwa, basi bamvua ikijaa tutakuwa na mita saba, na omo, yaani mbele ya chombo, iko mita moja juu ya maji. Hizo ni nane. Zidisha kwa tano: mita 40 za mnyororo. Usihesabu kwa maji unayoyaona saa ile. Na ukumbuke kwamba maji yakipwa, mnyororo uleule wa mita 40 unakuruhusu kuzunguka duara kubwa, kwa hiyo mwamba ulioonekana uko mbali unaweza kuja kubisha hodi usiku wa manane.

Wakati wa kutia nanga ndipo ndoa nyingi hujaribiwa. Mmoja yuko omo, mwingine kwenye usukani, injini inanguruma, upepo unachukua maneno. Mtu anasema "nyuma", mwenzie anasikia "fungua". Sisi tuliacha kusema kabisa. Tuna ishara nne za mkono: mbele, nyuma, simama, na tia. Kila kitu kingine kinasubiri mpaka nanga ishike. Na aliye omo ndiye mwenye amri, hata kama aliye kwenye usukani ndiye mwenye leseni.

Kuingia mlango wa mwamba ni mchana tu, jua likiwa juu na mgongoni. Kwa anayetoka bahari kuu akielekea magharibi, hiyo ina maana asubuhi. Alasiri jua linakupiga machoni, na maji yote yanageuka fedha. Jua likiwa zuri rangi zinasomeka: buluu nzito ni kina, kijani cheupe ni mchanga karibu, kahawia ni mwamba, kaa mbali. Ramani ya simu inasaidia, lakini mafungu ya mchanga huhama na ramani haina habari.

Upepo nao una kalenda yake, na haifanani na ya likizo za ofisini. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi hushika Aprili au Mei mpaka Septemba au Oktoba, na kati yake kuna maleleji, pepo zisizo na msimamo. Ambacho wageni hawaambiwi ni mkondo. Pwani ya Tanzania mkondo wa bahari kuu hukokota kwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo na mkondo vinakwenda pamoja, na safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga ni kama kuteremka mlima. Wakati wa kaskazi vinapingana, na kwenye mlango-bahari wa Pemba, kati ya kisiwa na bara, bahari hufanya mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayomwaga chungu jikoni hata kama upepo si mkali. Ukishuka kusini na kaskazi, ambaa na nchi, ndani ya miamba, mahali mkondo umelegea.

Mzee mmoja, nahodha wa jahazi aliyekuwa akipakia magogo Pangani, alitutazama siku moja tukihangaika kutoka na injini saa nne asubuhi, upepo wa omo. Akasema tu, "Wanangu, umande mmeuacha kitandani." Upepo wa nchi kavu wa alfajiri hukusukuma kutoka mtoni bure, kisha saa tatu au nne upepo wa bahari unaingia na kukupeleka. Tangu hapo tunang'oa nanga saa kumi na nusu alfajiri, na dizeli tunanunua nusu ya tuliyokuwa tukinunua.

Vimbunga pwani yetu ni vichache, maana vingi hupita kusini zaidi, lakini visidharauliwe. Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, na mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya kilifika mpaka Mafia. Sisi tulikuwa Tanga. Tulivua matanga yote, tukatia nanga ya pili, tukaenda kulala kwa wifi yangu. Taarifa ya mamlaka ya hali ya hewa ilikuwa imetoka siku kadhaa kabla. Kazi yetu ilikuwa kuisikiliza tu.

Jikoni. Tangi letu ni lita 200, na tukijibana tunatumia lita kumi kwa siku, sote wawili. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji ya tangi. Kuoga ni hivyohivyo. Masika tunatandika turubai na kukinga, na siku hiyo tunafua kila kitu mpaka mapazia. Nguo zilizofuliwa kwa maji ya chumvi hazikauki kamwe. Zinanyonya unyevu wa usiku na kukuwasha.

Friji tulikuwa nayo ndogo. Ilikula umeme wa jua wote wa paneli mbili, ikafa, hatukununua nyingine. Tunabeba vya pwani: nazi, muhogo, ndizi mbichi, kabichi, ndimu, achari, ng'onda, papa mkavu. Mayai yanakaa wiki mbili au tatu ukiyageuza. Kabla ya safari ya usiku napika kila kitu mchana: chapati, viazi, chupa ya chai na chupa ya uji. Hakuna kupika bahari ikiwa imechafuka. Maji ya moto humuumiza mpishi kuliko upepo. Kigegezi, kichefuchefu cha baharini, hakina shujaa. Mimi hunishika siku ya kwanza ya kila safari baada ya kukaa bandarini wiki mbili, mpaka leo. Tangawizi inasaidia kidogo, kushika usukani na kutazama upeo inasaidia zaidi, na mume wangu anajua siku ile asiniombe nitafute bisibisi chini sakafuni.

Karatasi: ukivuka kutoka Kenya kuja Tanzania, hata kama wote ni raia wa Afrika Mashariki, chombo kinatakiwa kuaga na kuripoti. Uhamiaji, forodha, bandari. Sisi huaga Shimoni na kuripoti Tanga. Vaeni vizuri, amkieni, bebeni nakala nyingi, msiende saa saba mchana.

Na kununa. Neno hili hulikuti kwenye mafunzo ya baharia. Nchi kavu mkigombana mmoja anakwenda barazani. Kwenye futi 32 hakuna baraza. Sisi tuna sheria kwamba anayenuna anakwenda omo, na aliyeko omo hasemeshwi mpaka arudi mwenyewe. Pia kila mmoja ana siku yake ya kushuka na kihori, mtumbwi wetu mdogo, peke yake: mume wangu huenda kucheza bao, mimi huenda sokoni nikakaa saa tatu nikinunua nyanya nne.

Kabla hamjanunua chombo, mwombeni mwenyewe awaachie mlale ndani siku tatu, ikiwezekana mvua ikinyesha na madirisha yamefungwa. Pikeni humo, fueni humo, tumieni choo chake. Usiku mmoja zimeni taa zote na kila mmoja atafute, kwa kupapasa, tochi, kizimamoto na bomba la kufunga maji. Siku ya nne, kama bado mnataka, ndipo mwiteni fundi aje atazame mkuku, uti wa chini wa chombo.