Bonneville kuukuu katika barabara za Pemba

Waalaykumu salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza iwapo inafaa kununua pikipiki ya Triumph Bonneville ya 2004 iliyokaa muda mrefu bila kuendeshwa, na iwapo itastahimili safari zako za Chake Chake. Naona inafaa, ila ukague kutu kabla ya kusikiliza injini.

Adui wake mkubwa kwetu ni hewa ya chumvi, ambayo hula spoki, rimu, ekzosi na viungo vya nyaya za umeme. Na ukimulika ndani ya tangi kwa tochi ukaona wekundu wa kutu, ujue kwamba kabureta zake mbili, zinazochanganya petroli na hewa, huenda zimeziba, nazo zitahitaji kusafishwa na kulinganishwa ili silinda zote mbili zivute sawasawa. Badilisha pia mafuta ya breki, mipira ya petroli na matairi, hata kama hayajalika, kwa sababu mpira hukauka kwa umri.

Injini yake ya ujazo wa cc 790 hupozwa kwa hewa, na pistoni zake mbili hupanda na kushuka pamoja, jambo linaloipa mngurumo ule mzito wa pikipiki za Uingereza za zamani, ambao mimi naupenda mno asubuhi, barabara ikiwa tupu kati ya mikarafuu. Haitaki pupa. Uzito wake unapita kilo 200, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kuingia kona, kisha fungua mafuta taratibu unapotoka. Nguvu yake huanzia chini, na mlima utaupanda bila kuilazimisha.