Mkeo Si Mvivu, Mrudishe kwa Daktari

*Shangazi, tangu mke wangu ajifungue mtoto wa pili, miezi minane sasa, simwelewi. Mchana kutwa amelala, amenenepa ilhali chakula anakidonoa tu, analia hovyo, anasahau sufuria jikoni mpaka inaungua, na chumbani hanitaki. Joto lote hili la Januari, yeye amevaa sweta! Daktari alisema homoni ya thairoidi imepungua, akampa vidonge. Wiki mbili sikuona mabadiliko, nikamwachisha. Mama anasema nimrudishe kwao. Baba Wawili, Tanga.*

Pole, Baba Wawili.

Ila katika barua yako simwoni mvivu, namwona mgonjwa aliyenyang'anywa dawa. "Nikamwachisha"! Kwani wewe ndiye daktari?

Tezi ya thairoidi iko mbele ya koo, na homoni yake ndiyo inayouendesha mwili. Ikipungua, moyo hupiga polepole, choo huwa kigumu, ngozi hukauka, na mtu hutetemeka kwa baridi wenzake wakijipepea. Akili nayo huguswa: huzuni, usahaulifu, hamu ya tendo la ndoa kupotea. Wapo waliotibiwa sonona kumbe tezi haikupimwa. Na wanawake wengine hupatwa na hali hii ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Nywele hukuzitaja, lakini katazame chanuo lake.

Levothairoksini, yaani vidonge vya kujazia homoni hiyo, si dawa ya kichwa, umeze sasa upone jioni. Nafuu huja kwa wiki kadhaa, na damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8 ili dozi irekebishwe. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Kama bado anatumia vidonge vya kuongeza damu, avitenganishe kwa saa 4.

Nani anaamka mtoto akilia usiku? Hukusema, nami nimeshajua. Wanaume wa siku hizi mnataka mke wa siku ya harusi. Akivunjika mguu mtambeba, akiumwa moyoni mnamfungia virago. Na mama yako, mwambie kwa heshima: mkweo anaumwa, si wa kurudishwa.

Kesho nendeni wote hospitali, na umwambie daktari mwenyewe kwamba wewe ndiye uliyemwachisha dawa. Mkeo akitamka kwamba heri afe, usingoje kesho, mpeleke saa hiyo hiyo. Na leo usiku, mtoto akilia, amka wewe.