Maswali na Majibu: Klabu za Wapigapicha, Mashindano na Herufi za Heshima

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete. Tumekusanyika watu wapatao kumi, wachache wetu wana kamera na waliobaki wanatumia simu, na tumekusudia kuanzisha klabu ya wapigapicha wa ridhaa. Naomba kujua mashindano ya ndani ya klabu huendeshwaje bila ya kuzusha chuki, na vipi mtu hufikia kuandika herufi za heshima za wapigapicha, kama AFIAP au LRPS, baada ya jina lake.
Mwalimu, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Nianze na hilo la chuki, kwani kwa maoni yangu ndilo linalovunja klabu mapema kuliko uhaba wa fedha. Chuki huingia pale picha inapojulikana ni ya nani kabla ya kuhukumiwa. Mteueni mtu mmoja asiyeshindana mwezi huo apokee picha, aondoe majina na azipe namba. Tafuteni majaji watatu wasiokuwa wanachama, na kila mmoja aandike alama zake kwenye karatasi bila ya kushauriana na wenzake, ndipo zijumlishwe. Si lazima majaji hao wawe na vyeo. Mwalimu wa uchoraji, mpigapicha wa harusi mwenye miaka mingi kazini na mtu aliyezoea kuchagua picha za gazeti wanaweza kufanya jopo zuri, kwa sababu kila mmoja wao huangalia picha kwa jicho lake.

Faida kubwa ya klabu, hata hivyo, haimo katika alama, bali katika maneno yanayosemwa kabla ya alama kusomwa. Tuseme mwanachama ameleta picha ya mwanamke aliyekaa jamvini akichambua karafuu, anatenga makonyo na punje, na jua la alasiri linamwangaza ubavuni. Jaji akisema kwamba picha ni nzuri, hakuna aliyefaidika. Lakini akisema kwamba ndoo nyeupe iliyoko pembeni inalivuta jicho kabla halijafika kwenye vidole vya mchambuaji, na kwamba mpigapicha angalisogea hatua moja kushoto ndoo ile ingalitoka nje ya picha, basi mwenye picha amepata somo ambalo atalichukua kila anapokwenda, na wenzake waliokaa kusikiliza wamelipata pia. Kwa hiyo wekeni sharti kwamba kila picha izungumzwe, hata ile iliyopata alama za chini kabisa, na kwamba mwenye picha asijitetee mpaka jaji amalize.

Nawashauri pia kwamba angalau mara moja katika kila miezi mitatu mashindano yawe ya picha zilizochapishwa kwenye karatasi. Kioo cha simu kinang'ara na ni kidogo, nacho huficha ukungu wa picha iliyotikisika na weusi uliokosa maelezo ndani yake, wakati karatasi haifichi kitu. Visiwa hivi si wageni wa kazi hiyo: Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zilizotoka humo ni sehemu ya kumbukumbu za Zanzibar mpaka leo kwa sababu zilichapishwa na zikahifadhiwa. Mnaochukua mamia ya picha kwa simu, ambayo siku moja itaanguka baharini au itaibiwa, lizingatieni jambo hilo.

Kuhusu uongozi sina mengi. Andikeni katiba fupi, mchague mwenyekiti, katibu na mshika fedha, na mkianza kukusanya michango nendeni mkaulize kwa mrajis wa jumuiya utaratibu wa usajili.

Sasa tuje kwenye herufi. Zipo njia mbili zisizofanana kabisa, na wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya kukusanya picha zilizokubaliwa katika mashindano ya kimataifa. Ndiyo njia ya Shirikisho la Kimataifa la Sanaa ya Picha, linalojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, FIAP. Wazo lake lilitoka kwa Daktari Maurice Van de Wyer wa Ubelgiji, na mkutano wake mkuu wa kwanza ulifanyika Bern, Uswisi, mwaka 1950. Mashindano yaliyo chini ya udhamini wake hupewa namba, na mtu yeyote huweza kushiriki. Picha kukubaliwa hakuna maana ya kushinda zawadi. Maana yake ni kwamba imepata alama zinazotosha kuingia katika maonyesho ya mashindano hayo. Anayeomba AFIAP, ambayo ni daraja ya mwanzo katika njia hii, hutakiwa awe ameshiriki kwa muda usiopungua mwaka mmoja na awe na picha tofauti zilizokubaliwa katika mashindano tofauti ya nchi tofauti. Idadi zinazotakiwa hurekebishwa, kwa hiyo someni kanuni za mwaka mnaoomba na wala msitegemee za jirani. Baada ya AFIAP huja EFIAP, ambayo nayo ina ngazi za shaba, fedha, dhahabu, platinamu na almasi. Jumuiya ya Upigaji Picha ya Marekani, PSA, iliyoanzishwa mwaka 1934 na inayopokea wanachama kutoka nchi yoyote, nayo hutoa herufi zake, PPSA, EPSA na MPSA, kwa utaratibu wa namna hiyo hiyo.

Njia ya pili ni kupeleka seti ya picha mbele ya jopo. Ndiyo ya Jumuiya ya Kifalme ya Upigaji Picha ya Uingereza, RPS, iliyoanzishwa London mwaka 1853. Kwa LRPS, ambayo ni daraja ya mwanzo, huwasilishwa picha 10. Kwa ARPS ni picha 15 pamoja na maelezo mafupi ya maandishi yanayobainisha mpigapicha amekusudia nini. Juu yake ipo FRPS. Katika njia hii mwombaji hupeleka pia mpango unaoonyesha picha zikiwa zimepangwa pamoja, na jopo huangalia seti nzima: kama zinaelewana kwa rangi na mwanga, kama za pembeni zinaangalia ndani, kama ipo moja inayoivuta nyingine chini.

Kwa klabu changa kama yenu mimi ningependelea njia hii ya pili, na nieleze kwa nini. Kila mashindano ya kimataifa yana ada yake kwa fedha za kigeni, na mwenye kukimbilia idadi hulazimika kulipa mara nyingi, kisha akaanza kupiga kile anachodhani majaji wa mbali wanakipenda badala ya kile anachokijua vizuri kuliko wao. Kuchagua picha 10 zinazokaa pamoja ni kazi ambayo klabu nzima inaweza kuifanya juu ya meza moja, na hata kama maombi hayatapelekwa kamwe, mafunzo yake yamepatikana.

SWALI: Nilipiga picha ya kima punju karibu na Jozani akiruka kutoka mti hadi mti. Nyuma yake palipita waya wa umeme, nami nikaufuta kwa programu ya simu. Niliiingiza picha katika kundi la maumbile kwenye mashindano fulani, ikakataliwa. Je, sikudhulumiwa?
Msomaji wa kike, Pete, Unguja

JIBU: Hukudhulumiwa, dada yangu, ijapokuwa naona uchungu pamoja nawe, kwani kima punju akiwa hewani si picha ya kupatikana kila siku. FIAP, PSA na RPS wamekubaliana juu ya fasili moja ya picha za maumbile, na mashindano mengi huifuata. Fasili hiyo hairuhusu kuongeza, kuhamisha wala kufuta kitu kilichokuwamo katika picha, isipokuwa kwa kukata kingo. Kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi kinachobaki kuwa cha kweli kunaruhusiwa, na vilevile kuondoa alama za vumbi la kamera. Vitu vilivyotengenezwa na binadamu haviruhusiwi mpaka viwe ni sehemu ya lazima ya habari yenyewe ya maumbile. Kwa hiyo waya ungaliachwa ungalileta swali, na kuufuta kumeleta kosa. Ungaliweza kuukata kwa kupunguza kingo, ikiwa ulipita juu tu.

Nakuongezea la kukusaidia mbele: wanyama wa kufugwa na mimea ya kupandwa hawaingii katika kundi hili, kwa hiyo usipeleke humo mbuzi, kuku wala shamba la mikarafuu, hata picha iwe nzuri vipi. Picha yako ya kima ipeleke katika kundi huria, ambako marekebisho kama hayo kwa kawaida yanakubaliwa, lakini soma sharti kwanza.

SWALI: Nimeona shindano la picha lenye zawadi kubwa. Masharti yanasema kila picha itakayopelekwa itakuwa mali ya waandaaji, hata isiposhinda. Niingie?
Kijana, Michenzani

JIBU: Usiingie. Mwandaaji mwaminifu huomba ruhusa ya kuonyesha picha zilizofaulu na kuzitangazia shindano lake, na hakimiliki hubaki kwako. Anayetaka umiliki wa picha zote, zikiwamo zilizoshindwa, anakusanya akiba ya picha kwa bei ndogo sana. Ukitaka pa kuanzia pasipo na ada, lipo shindano la Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014 na ambalo huwa na mada yake maalumu. Lakini huko nako elewa unachokubali: picha hutolewa kwa leseni huria, yaani mtu yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi ataje jina lako na afuate masharti ya leseni. Umiliki haukutoki, ila ruhusa uliyoitoa hairudi nyuma. Picha yenye sura ya mtu, hasa ya mtoto, usiipeleke huko mpaka mwenyewe au mzazi wake ameelezwa hivyo kwa ukamilifu na akaridhia.