Wanaovuna bonasi za kasino mtandaoni wanavyotuharibia kazi sisi maafilieti

Kama unafanya afilieti ya kasino au ya kubeti hapa Dar, yaani unaitangaza kampuni kwa linki yako na unalipwa kamisheni kwa wateja unaowaleta, acha kwanza kuhesabu watu wangapi wamejisajili kwa linki yako, hesabu wangapi wameweka hela mara ya pili. Hiyo namba ndo inakwambia una wateja au una wavunaji wa bonasi, watu wanaojisajili wachukue hela ya ofa tu na kuondoka, na ukiipuuza siku moja utafungua dashibodi ukute kamisheni yote imeandikwa "inachunguzwa" na meneja wako wa kule kwenye kampuni hapokei simu.

Naandika hii kwa sababu vijana wengi wananifuata inbox wanataka kuingia kwenye hii kazi na karibu wote wanaanza na swali moja, kampuni gani ina bonasi kubwa ili wakaitangaze. Nawaelewa, bonasi ndo inavuta watu. Ila bonasi hiyohiyo ndo mlango wanaopitia wanaokuja kukuua, na bora nieleze kwa namba mtu aone mwenyewe.

Chukua kasino inayotoa bonasi ya 10,000 kwa mteja mpya, sharti lake uizungushe mara 35 ndo uruhusiwe kutoa. Maana yake ubeti jumla ya 350,000. Sloti nyingi, ile michezo ya mashine za kuzungusha picha, zinarudisha kama asilimia 96 hivi, yaani kwenye kila 100 inayobetiwa nyumba (kasino yenyewe) inabaki na 4 kwa wastani, kwa hiyo ukimaliza kuzungusha 350,000 umeshaacha 14,000 pale na bonasi yenyewe ilikuwa 10,000. Kwa wastani mchezaji kapoteza hata kabla hajafika kwenye kutoa. Sasa shusha sharti liwe mara 10. Unazungusha 100,000, unaacha 4,000, inabaki 6,000 ya kwako. Elfu sita kwa mtu mmoja ni nauli na msosi wa siku, sio mchongo wowote, lakini mwenye laini 30 na vitambulisho 30 hesabu yake ni 180,000, na hapo ndo akili ya kufungua akaunti nyingi inapozaliwa.

Kuna na wale wa ruleti, mchezo wa gurudumu na kampira. Akaunti mbili, huyu anaweka nyekundu yule anaweka nyeusi, dau sawa, gurudumu la Ulaya lina vishimo 37 na kimoja tu ndo sifuri ya kijani, kwa hiyo akaunti moja ikipoteza nyingine inapata na wanaumia sifuri ikitokea basi, sharti la kuzungusha linaisha kwa hasara ndogo. Ndo maana ukisoma masharti ya kasino nyingi unakuta ruleti inahesabiwa kidogo sana kwenye kuzungusha bonasi au haihesabiwi kabisa, na kuna kikomo cha dau ukiwa unachezea hela ya bonasi.

Niseme na hili maana watu wanachanganya. Mtu aliyejisajili mara moja kwa jina lake, akasoma masharti, akacheza bonasi yake akatoa hela, huyo hajamuibia mtu. Kampuni imetoa ofa yenyewe na yeye kaitumia. Ninaowasema hapa ni wanaofungua akaunti kwa majina ya watu wengine, wanaocheza pande mbili kwa makubaliano, na maafilieti wanaojisajili wenyewe chini ya linki zao ili wale kamisheni na bonasi kwa pamoja. Hao wa mwisho wapo wengi kuliko mnavyodhani.

Sasa inamgusaje afilieti. Tunalipwa kwa njia kuu mbili. Kuna CPA, kampuni inakupa kiasi fulani mara moja kwa kila mteja mpya anayeweka hela. Na kuna kugawana mapato, unapata asilimia ya kile kampuni ilichobaki nacho kutoka kwa wateja wako, baada ya kutoa ushindi, kodi, gharama za malipo na, hapa usome vizuri, gharama za bonasi. Kwenye kugawana mapato mvunaji anakula bonasi, anatoa hela, anaondoka, na ile bonasi inakatwa kwenye fungu lako. Wavunaji wakiwa wengi mwezi unaishia kwenye minasi, yaani hesabu yako iko chini ya sifuri, na kama mkataba wako una kipengele cha kuhamisha minasi basi mwezi unaofuata unaanza na deni, yaani bodaboda wa Tabata anayecheza kiungwana kwa linki yako tangu zamani hela anayokuingizia inaenda kufukia shimo la watu usiowajua. Kwenye CPA ndo mbaya zaidi, kampuni imekulipa kwa mteja ambaye harudi tena, ni kama kumpelekea mama ntilie watu 30 wanaoonja mchuzi na kuondoka halafu unadai ujira wa kuleta wateja. Mara ya kwanza atakulipa. Mara ya pili atakufukuza na wateja wako wa kweli.

Mimi yalinikuta. Kulikuwa na kijana wa Mbagala kwenye grupu langu la Telegram, mchangamfu, anajibu maswali ya wenzie, akachukua linki yangu akaanza kuzunguka mtaani na ofa yake mwenyewe, nipe kitambulisho na laini yako nikusajili, elfu tano yako hii hapa. Mimi nikaona usajili unapanda tu. Nilipoingia ndani kuangalia nikakuta wote wameweka kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, usajili umefuatana usiku saa zilezile, wote wamecheza mchezo mmoja, wote wametoa hela mara tu sharti la kuzungusha bonasi lilipotimia na hakuna aliyerudi. Nikamtafuta. Akaniambia "bro kwani wewe unapungukiwa nini, hela si ya kampuni?" Nikamwambia mdogo wangu hiyo kamisheni ndo inalipa kodi yangu ya nyumba, na vile vitambulisho ni vya mama zetu na shangazi zetu huko mtaani ambao hawajui majina yao yanafanya nini. Nikamtoa kwenye grupu na nikamwandikia meneja wangu siku hiyohiyo. Kampuni ikazuia kamisheni yote, ya wavunaji na ya wateja wangu halali kwa pamoja, baada ya kubishana sana na kutuma picha za ripoti nikalipwa sehemu, nyingine mpaka leo sijaiona. Hilo linaniuma kwa kweli, kwa sababu niliyetoa taarifa ni mimi.

Na hasara haiishii kwa mmoja. Mkataba uliofuata ulikuja na masharti mapya, mteja hahesabiwi kwenye CPA mpaka amethibitisha kitambulisho na amebeti kiasi walichopanga, malipo yanakaa muda mrefu kabla ya kutoka, na kampuni ina haki ya kurudi nyuma kukata ilichokwisha kulipa. Wenzangu wa Sinza na Kinondoni tunaofanya nao wanaletewa masharti hayohayo hata kama hawajawahi kuleta mvunaji hata mmoja. Anayeanza leo anaikuta njia imeshawekwa miiba na watu waliotangulia.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo kampuni za nje hazilielewi vizuri. Mitambo yao inaangalia anwani ya IP, ile namba inayotambulisha intaneti unayotumia, na kifaa. Mitandao ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, na wanafunzi wa hosteli za Mabibo wakitumia waifai moja wanaonekana kama mtu mmoja mwenye akaunti kibao. Nyumba nyingi uswahilini simu nzuri ni moja, kaka anacheza, akimaliza binamu anaingia na akaunti yake. Hao wote wanaweza kupigwa chini kama wadanganyifu na wewe uliyewaleta unaonekana mhuni. Kwa hiyo nawaambia wafuasi wangu kila mara, tumia simu yako, namba yako, na jina la M-Pesa au Airtel Money unayowekea hela liwe sawa na jina la akaunti, usiweke kwa namba ya mkeo halafu ukashangaa kutoa kunagoma.

Kuhusu laini za watu. Toka 2020 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo akaunti ya uongo siku hizi karibu kila mara ina mtu wa kweli nyuma yake, mtu aliyeombwa kidole "kirudie, hakijasoma" kumbe anasajiliwa laini nyingine. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, mfanyie na mama yako. Kutumia utambulisho wa mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na likifika polisi hata mwenye linki anaweza kuulizwa.

Kwenye matangazo yenyewe mimi niliacha kuweka bonasi kwenye kichwa cha habari. Naeleza mchezo unavyofanya kazi, sharti la kuzungusha ni mara ngapi, hela inatoka kwa muda gani, na naandika wazi kwamba nyumba ina faida siku zote na hela ya ada au ya kodi haiguswi. Usajili ulipungua kweli, lakini waliobaki ni watu wazima wanaojua wanachofanya. Sitangazi kampuni isiyo na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na simkaribishi aliye chini ya miaka 18, nikigundua kwenye grupu namtoa. Uingereza mwaka 2025 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilitangaza kikomo, sharti la kuzungusha bonasi lisizidi mara 10, na ukirudi kwenye hesabu ya juu utaona hapo bonasi inakuwa tamu kwa mvunaji, mimi naona kampuni zitajibu kwa kupunguza bonasi na kubana ukaguzi, kwa hiyo aliyejenga kazi yake juu ya bonasi kubwa aanze kujipanga.

Kabla hujasaini na kampuni yoyote muulize meneja kwa imeili, usikubali maneno ya simu. Je minasi inahamia mwezi ujao au inafutwa? Bonasi inakatwa kwangu kwa asilimia ngapi? Mteja anahesabika akifanya nini hasa? Naweza kuweka alama tofauti kwenye kila linki ili nijue huyu katoka Telegram, huyu Instagram, huyu kwenye blogu? Hii ya alama usiiache, ndo iliyonisaidia kuonyesha wavunaji wote wametoka sehemu moja. Na la mwisho, mkikuta akaunti za uongo chini ya linki yangu, kamisheni ya wateja wangu halali mnaifanyaje, na nina siku ngapi za kujitetea? Akikwepa hilo swali, tafuta kampuni nyingine.