Kolwezi au Lubumbashi: pesa ya nyumba uiweke wapi?

Ndugu, umesema unafanya kazi mgodini Kolwezi, bibi na watoto wako Lubumbashi, na akiba yako inatosha nyumba moja tu. Nimeishi miji yote miwili. Jibu langu: Kolwezi panga, Lubumbashi nunua.

Sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Wewe unapewa haki ya kukaa juu yake. Madini yaliyo chini si yako. Sheria ni hiyohiyo kote nchini, ila Kolwezi ndiko inakokugongea mlango. Kasulo, kartie (mtaa) ya Kolwezi, bado tunaikumbuka: 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba mashimo uani, wengine hadi ndani ya vyumba. 2017 sehemu ya kartie ikahamishwa watu, ikazungushwa ukuta, ikawa mgodi.

Nilikopanga mimi hapakuwa mbali na shimo la mgodi. Saa ya baruti sahani ziligongana kabatini. Kwenye kona ya dirisha palikuwa na ufa ulioshuka hadi sakafuni, kidole kinapita. Mwenye nyumba aliuziba kwa simenti, ukafunguka tena palepale. Mimi nilihama mwezi ulipoisha. Yeye angehamia wapi, na pesa yake yote iko kwenye kuta zile?

Halafu fikiria mshahara wako unatoka wapi. Februari 2025 Serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi, na ilipofungua tena Oktoba, ilifungua kwa kiasi ilichopanga yenyewe. Mgodi ukipunguza watu, wapangaji wanaondoka na bei ya nyumba inashuka, wakati uleule unapotaka kuuza kwa sababu kazi imekwisha. Najua wapo waliojenga Kolwezi wakapangisha kwa dolari tangu ilipokuwa makao makuu ya jimbo la Lualaba 2015, na wamefaidika. Wale walitafuta biashara. Wewe unatafuta pa kulelea watoto.

Lubumbashi nayo inaishi kwa shaba, sikatai, lakini ina chuo kikuu, ofisi na biashara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mpangaji akitoka, mwingine anapatikana. Umeme unakatika, hilo unalijua. Habari za maji waulize majirani, usimuulize komisioneri (dalali). Na kwenye komini (sehemu ya mji) ya Ruashi, kaa mbali na upande wa mgodi, la sivyo utakuwa umerudi Kolwezi.

Hatari ya Lubumbashi iko kwenye karatasi. Parsele (kiwanja) moja inauziwa watu wawili, hasa huko komini ya Annexe mji unakopanuka. Fishi (karatasi) ya parsele na sahihi ya shefu (mkuu) wa kartie havitoshi. Nenda wewe mwenyewe kwa konservateri, ofisa anayetunza hati za ardhi, uulize setifika (hati) ya parsele iko kwa jina la nani, vipimo vyake ni vipi, na kama imewekwa rehani benki. Kisha chukua mpimaji, akupimie kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, jirani akiona. Nyumba ikiwa ya marehemu, warithi wote waweke sahihi, hata yule aliye Kinshasa. Muuzaji akikukataza kwenda kwa konservateri kabla ya kutoa akonti (malipo ya kwanza), mwache.

Ukipata parsele, niandikie ni komini gani, nikueleze hali ya barabara kule mvua ikinyesha.